Ufunguo Umetangulia

Kama uliwahi kutuma mzigo kutoka Lundo kule ziwani kwenda Mbinga milimani miaka ile barabara ikiwa tope tupu, mzigo wako ulipita mikononi mwa Hyasinti Kinunda, na ulifika. Haukufika mapema, maana katika barabara ile hakuna kilichofika mapema, lakini ulifika vilevile ulivyofungwa. Alianza kama utingo wa lori, akaishia kuwa mpokea mizigo wa mabasi, miaka thelathini na moja kwa jumla. Watu wa ziwani na wa milimani walimwita Mzee Kufuli tangu hajawa mzee.

Jina hilo lilitokana na utaratibu ambao huko kila mtu anaujua. Kufuli dukani huja na funguo zake. Mama wa Lundo anayemtumia mwanawe begi hulifunga, hubaki na ufunguo mmoja, na mwingine huutuma mbele kwa mkono wa mtu tofauti kabisa, pengine sista anayekwenda Songea, pengine mwalimu anayekwenda kusahihisha mitihani. Mbebaji wa begi habebi ufunguo. Ukimuuliza uko wapi, anakujibu kwa maneno mawili tu, "Ufunguo umetangulia," na hapo umeshajua kwamba una mtu mwaminifu mbele yako. Kutembea na begi la mtu na ufunguo wake mfukoni, kwa Hyasinti, kulikuwa sawa na kutembea bila suruali.

Siku moja mnunuzi wa kahawa aitwaye Florian alimkabidhi begi pale stendi ya Mbinga, kisha akamrushia na ufunguo: "Chukua na huu, usije ukasumbuka." Hyasinti aliutupa ufunguo ule kwenye mtaro wa maji machafu, stendi nzima ikiona, akamrudishia begi lake na kupanda lori. Florian alikaa nusu saa kwenye ule mtaro, mikono ya shati imekunjwa, akiutafuta. Mkewe Hyasinti, Yuliana, alipopata habari alimwambia kuwa amezidi. Na kweli alikuwa amezidi, lakini ukimwambia Mmatengo wa milima ile mwenye heshima yake kuwa amezidi, umemwongezea.

Sasa ana miaka sitini na minane, shamba la kahawa Kigonsera, na goti lenye chuma. Chuma hicho aliwekewa hospitali ya misheni baada ya lori kulala ubavu kwenye mteremko wa kwenda ziwani, na mwaka huu kimeanza kumsumbua hadi hawezi kupiga magoti kanisani. Mwanawe Placidi, aliyeko Dar es Salaam, akapata daktari, akakata tiketi ya ndege, akapiga simu.

"Baba, nisikilize vizuri. Begi lako ulifunge kwa kufuli, huku mizigo inachokonolewa. Na usibebe mzigo wa mtu yeyote. Uwanjani watakuuliza."

"Sawa," alisema Hyasinti, ile sawa ya wazee yenye maana ya umemaliza?

Begi lake mwenyewe alilifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kufuli hakuwa nalo. Katika maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu ambacho aliona kinastahili kufuli.

Siku mbili kabla ya safari akaja Tadea wa Lundo, mjane anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga, ambaye wote humwita Mama Aurelia kwa jina la bintiye anayesomea uuguzi Dar es Salaam. Alikuwa na begi la bluu lenye kufuli dogo la njano.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia unapanda ndege. Hili liende kwa Aurelia, atakuja kulipokea hukohuko uwanjani. Ufunguo umetangulia."

"Litafika."

Tadea akasogea karibu, akashusha sauti. "Vilivyomo ndani, mzee, watu wa kwetu wasivione. Hata mmoja. Nitashindwa kutembea Lundo."

"Mama Aurelia, unaniambia mimi hayo?"

"Najua namwambia nani." Kisha akatoa kifurushi kidogo cha karanga, kimeviringishwa kwa karatasi za daftari na kufungwa uzi mara nyingi kupita kiasi. "Na hizi ni zako. Uzifungue kabla hujafika kwenye ndege. Umenisikia? Kabla."

"Mimi sili vya mizigo ya watu."

"Si vya mzigo. Ni vyako wewe."

Alizipokea ili yaishe, akazitia mfuko wa ndani wa koti. Wanawake, alijiambia, wanadhani ndege inaleta njaa. Hakuwa na nia ya kuzigusa. Leo karanga, kesho ungekuta mzee mzima anaonja usipa wa watu njiani.

Asubuhi ya safari alifika uwanja wa ndege wa Songea mapema mno, kama alivyofika kila mahali maishani, na wa kwanza kumwona kwenye foleni alikuwa Asteria. Asteria ni kiongozi wa jumuiya ya kanisa pale Mbinga, mwanamke mwema, mcha Mungu, anayepika uji wa wagonjwa bila kuombwa. Ila habari kwake hailali. Ikiingia Jumatano, Jumapili imeshafika Mbamba Bay, na njiani imenenepa.

"Tumsifu Yesu Kristo, kaka Hyasinti!"

"Milele, amina." Akalihamisha begi la bluu upande wa pili wa mguu wake.

Uwanja wa ndege, ili tuelewane, ni mahali ambapo mtu mzima anavuliwa nguo na watoto kwa adabu. Shikamoo wanakupa, kisha wanakuambia uvue mkanda. Hyasinti alivua mkanda, akabaki ameishika suruali. Akavua viatu, na soksi yake moja ilikuwa imetoboka mahali ambapo Yuliana alikuwa ameahidi kushona. Akavua saa. Akatoa sarafu, rozari na kile kifurushi cha karanga, akaviweka pamoja na koti kwenye karai la plastiki, vikapita kwenye mashine bila mtu kuvisemea neno. Yeye mwenyewe alipopita mlangoni, mlango ukapiga kelele. Akarudi, akapita tena. Ukapiga kelele tena.

Kijana mwenye kifimbo cha kukagulia akakipitisha mwilini mwake hadi kikapiga mlio gotini. "Mzee, hapa kuna nini?"

"Chuma."

"Basi kitoe."

"Mwanangu, ningekuwa naweza kukitoa nisingekuwa hapa."

Asteria akacheka nyuma yake. Hyasinti hakuona cha kuchekesha. Alivaa viatu na koti, akarudisha vyake mifukoni, akaanza kuhangaika na mkanda, na kabla hajafikia tundu la tatu akasikia binti wa sare akiita kutoka kwenye mashine ya mizigo: "Begi la bluu ni la nani?"

Alisogea akichechemea, suruali mkononi.

"Shikamoo, mzee. Hili ni lako?"

"Nalibeba mimi."

"Nimeuliza, ni lako?"

"Ni la Mama Aurelia wa Lundo."

"Umelifunga mwenyewe?"

"Mimi? Kamwe!" Alisema kwa kifua mbele. Kwa miaka thelathini na moja hilo lilikuwa jibu la mtu safi.

Binti alimtazama mwenzake. "Unajua kilichomo?"

"Sijui. Wala sitaki kujua. Sijawahi kujua kilichomo kwenye begi la mtu tangu nizaliwe."

Kila alipojibu, uso wa yule binti ulizidi kukaza, na Hyasinti akashindwa kuelewa. Maneno hayohayo yalimpa jina kuanzia Kigonsera hadi ziwani, na hapa yalikuwa yanamchimbia shimo.

"Haya. Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo umetangulia."

Binti alilikamata lile neno la mwisho tu, la misibani, akainamisha kichwa kidogo, sauti ikalegea. "Pole sana, mzee wangu. Alikuwa mama nyumbani?"

"Nani?"

"Huyo aliyetangulia."

"Ufunguo!" Hyasinti alipaza sauti hadi foleni ikageuka. "Nimesema ufunguo ndio umetangulia! Mke wangu mzima, yuko Kigonsera anapalilia! Ufunguo uko Dar es Salaam!"

Binti akavuta pumzi ndefu. Alimweleza, taratibu, kwamba mashine inaonyesha kitu cha duara cha bati kilichojaa majimaji mazito, na kitu kama hicho hakipandi ndege mpaka kionekane kwa macho. Begi lifunguliwe.

"Halifunguliki."

"Tutakata kufuli."

"Basi nalirudisha Lundo. Na mimi mwenyewe sipandi."

"Mzee, hata ukibaki, begi limeshaonekana kwenye mashine. Haliondoki hapa bila kufunguliwa. Ukitaka liende kwa mwenyewe, lifunguliwe ukiwepo. Ukikataa, litafunguliwa hupo."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli, ile hasira ya mtu aliyebanwa kila upande na hana wa kumlaumu. Mwanawe alimwambia funga. Hawa wanamwambia fungua. Mmoja anasema mizigo inachokonolewa kwa hiyo weka kufuli, mwingine ana mkasi wa kukatia kufuli umening'inia ukutani tayari, unang'aa. Kufuli la nini basi? Na wale watoto walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Angekuwa yeye anapanda ndege moja na mzee asiyemjua aliyebeba begi asilolijua, angetaka lifunguliwe mbele yake mara mbili.

Akampigia Tadea simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Saa hiyo mama wa watu alikuwa ufukweni akianika usipa wake, na ufukweni mtandao haujawahi kufika kwa hiari yake.

"Kateni," alisema mwishowe. Hakuitambua sauti yake.

Mkasi ulibana mara moja, kufuli likalia ki! likaanguka mezani. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya karanga. Hyasinti akafumba macho.

"Mzee, fungua macho. Utaratibu unataka mwenye mzigo aangalie tunavyokagua, usije ukasema kuna kitu tumechukua."

"Sitasema."

"Lazima uangalie."

"Macho ni yangu, mwanangu."

Na kwa kuwa alijua bila kuangalia kwamba shingo ya Asteria ilikuwa imeshaanza kurefuka, alivua koti, akalitandaza kwa mikono miwili kati ya meza na foleni, akalishikilia juu namna watu wanavyomziba mama aliyeshikwa na uchungu njiani. Suruali ikaanza kuteremka. Akatanua miguu ili isiende mbali, goti likauma, akasimama hivyohivyo amefumba macho.

Alichokuwa amekisahau ni masikio. Binti alianza kutaja vitu kwa sauti, mwenzake akiandika.

"Usipa, mfuko mmoja. Unga wa ulezi, mfuko mmoja. Kitenge kimoja. Nguo za..."

"Bwana, utuhurumie!" alinguruma Hyasinti.

Alikuwa ameimba besi kwaya ya Kigonsera miaka ishirini, na sauti bado ilikuwepo. Kisha Asteria, ambaye huwezi kumwanzishia sala akaacha kuitikia hata ukimwamsha usingizini, akaitikia.

"Bwana, utuhurumie!"

"Vipande vinne," alisema binti, "na kofia ndo..."

"Mtakatifu Yosefu!"

"Utuombee!" Sasa hakuwa Asteria peke yake. Foleni ile ilikuwa ya watu wa Mbinga, Peramiho na Songea, na robo tatu yao walikuwa wamepigwa kipaimara.

"Mtakatifu Benedikto!"

"Utuombee!"

"Mzee, hii ni ibada?"

"Fanya kazi yako, mwanangu, na mimi nafanya yangu. Watakatifu Petro na Paulo!"

"Mtuombee!"

Aliwapitisha mitume wote, akaingia kwa mashahidi, akawapitisha mabikira. Jasho lilikuwa linamwingia kwenye macho aliyoyafumba. Kila yule binti alipofungua mdomo, mtakatifu mmoja aliitwa. Alipoishiwa na watakatifu wa kwenye litania alianza kuita majina ya ubatizo ya majirani zake, na watu wakaitikia tu.

"Mzee." Sauti ilikuwa karibu na sikio lake, na ilikuwa ya chini. "Tumemaliza. Ni kopo la asali, bati lina kutu ndiyo maana mashine ilisita. Vingine nimevikunja vilevile vilivyokuwa. Hakuna aliyeona. Unaweza kushusha koti."

Alifungua macho. Begi lilikuwa limefungwa kwa utepe mgumu wa plastiki. Binti alimpa kalamu asaini, kisha akachukua lile kufuli lililokatwa, akaliweka kwenye kiganja cha Hyasinti na kukifumba. Hakusema tena neno la utaratibu. Alimsaidia hata kufunga mkanda, na Hyasinti akamwacha.

"Kaka Hyasinti," alisema Asteria walipokuwa wanatembea kuelekea kwenye ndege, "ile litania ilikuwa ya nia gani?"

"Naogopa ndege."

Ulikuwa uongo mtupu, naye hakuogopa hata lile lori lililolala ubavu. Lakini hilo ndilo lililofika Mbamba Bay Jumapili, kwamba Mzee Kufuli aliogopa ndege hadi akawaita watakatifu wote suruali ikimdondoka. Vijana wa stendi wanamtania hadi leo, naye anawaacha.

Ndani ya ndege alikaa dirishani na hakuangalia nje. Kufuli lililokatwa lilikuwa mkononi. Miaka thelathini na moja, matope, mvua, usiku wa kulala juu ya mizigo ya watu ili isiguswe, na yote yameishia kwenye mkasi wa watoto. Angemwambia nini Aurelia? Angemwambia nini mama yake? Alijisikia mjinga na mzee, na alikuwa na njaa. Hapo akazikumbuka karanga. Kanuni ilikuwa imeshakufa, akaona haina haja ya kuendelea kuilinda maiti yake. Akatoa kifurushi, akakata uzi kwa meno, na katikati ya karanga kukawa na ufunguo mdogo wa njano.

Kisha akaona kuwa karatasi ya ndani ilikuwa na maandishi.

"Mzee Hyasinti. Aurelia ameniambia uwanjani wanataka ufunguo. Kufuli lilikuja na funguo tatu, huu ni wako. Ningekupa mkononi ungeutupa mtaroni kama ule wa Florian. Wakifungua, wewe angalia. Aurelia amejifungua, na baba wa mtoto amekana. Baba yake angekuwa hai angekwenda yeye kumwona mjukuu. Sikutaka mtoto apokelewe bila mtu wa kwetu hata mmoja kujua. Nimekuchagua wewe. Tadea."

Alisoma mara ya pili, miwani ikiwa imeteleza hadi ncha ya pua. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake muda wote. Ulipita kwenye mashine ndani ya karai, ukakaa kwenye lile koti alilolishikilia juu kwa mikono miwili, unamgonga kifuani huku akiwaita watakatifu. Alikasirika. Alimkasirikia Tadea kwa ujanja wake, akajikasirikia mwenyewe zaidi, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya avue miwani na kuifuta. Watu wote waliompa mizigo walimwamini kwamba hataona. Huyu alikuwa wa kwanza kumwamini aone, naye alifumba macho.

Karanga hakuzila. Alizirudisha kwenye karatasi, akafunga.

Dar es Salaam, Placidi alikuwa amesimama mbele ya watu, na pembeni yake binti mwembamba mwenye ufunguo wa njano umening'inia shingoni kwa uzi. Kitenge kilimzunguka kifuani, kimebeba kitu kilichojikunja. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye begi.

"Shikamoo, baba. Kufuli liko wapi?"

Hyasinti alifungua kiganja. Kufuli lililokatwa, na ufunguo.

"Walilikata. Ufunguo niliuona baadaye, angani. Nilikuwa sijafungua karanga za mama yako."

Aurelia akaweka mkono juu ya mtoto. "Kwa hiyo... uliona vitu vyake?"

"Sikuona. Nilifumba macho."

Binti akaitikia kwa kichwa, akavuta ncha ya kitenge kumfunika mtoto zaidi, na Hyasinti akaona jinsi uso wake ulivyojifunga. Alikuwa ameelewa kwamba mzee huyu, naye pia, hakutaka kuona.

"Baba, twende, gari liko nje," alisema Placidi.

"Subiri." Hyasinti alimpa mwanawe mabegi yote mawili. Akavaa miwani, akaisukuma juu ya pua. Goti lilikuwa linamuuma tangu asubuhi, lakini alilikunja hivyohivyo mpaka uso wake ukawa sawa na kifua cha yule binti.

"Mfunue," alisema. "Mama yako amenituma nimwone."

Aurelia akafunua kitenge. Mzee Kufuli akamwangalia yule mtoto kwa muda mrefu, watu na mizigo yao wakimzunguka kupita, na hakuna aliyehitaji kumwambia afungue macho.